Msamaha wa matibabu kwa wazee: nani anaulipia?

SWALI: Shikamoo. Naandika kutoka kijiji kimoja mkoani Singida. Sisi ni akina mama wa Vicoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana. Kwa miaka kadhaa sasa tunatoa fedha kwenye mfuko wa jamii wa kikundi kuwanunulia dawa wazee ambao hawana wa kuwatazama. Wazee hao wana vitambulisho vya matibabu bure, lakini kila wakienda zahanati wanaambiwa dawa hakuna, wakanunue nje. Tumemlalamikia muuguzi, tumekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwaka jana yule muuguzi alihamishwa, akaja mwingine mpole kabisa, na dawa bado hakuna. Tumechoka kuziba pengo lisilojaa. Tufanye nini ili utaratibu wenyewe ubadilike? Tuache kuchangia? Na je, ni lazima tusajili asasi ndipo tusikilizwe?

JIBU: Marahaba, dada yangu.

Katika barua yako yote, sentensi iliyonipa kazi ni ile ya muuguzi aliyehamishwa. Mkali kaondoka, mpole kaja, na mzee bado anatoka na karatasi mkononi kwenda duka la dawa. Basi tatizo halikuwa muuguzi. Nimeona vikundi vingi vikiishia hapo: vinapigania mtu ahamishwe, anahamishwa, watu wanapiga vigelegele, na baada ya robo mwaka wanakuta wamerudi walipokuwa. Ninyi mmeshavuka hatua hiyo bila kupanga. Sasa tufuate fedha.

Uchangiaji wa gharama za matibabu katika hospitali za umma ulianza mwaka 1993. Kabla ya hapo matibabu yalikuwa bure kwa wote. Ulipoanza, ukaja pamoja na misamaha kwa makundi fulani, na leo tunayajua kwa mazoea: wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, wenye magonjwa kama kifua kikuu, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka suala la matibabu ya wazee kwa maandishi, na tangu hapo viongozi wamelirudia kwenye majukwaa mengi. Halmashauri zikaandikisha wazee, zikatoa vitambulisho, hospitali zikafungua dirisha la wazee.

Kitu kimoja kilibaki nyuma. Mzee akitibiwa bure, nani anairudishia zahanati gharama?

Zahanati yenu ina mifuko tofauti. Mishahara ya watumishi inatoka serikali kuu. Dawa kwa sehemu kubwa zinatoka Bohari ya Dawa, yaani MSD, kwa fedha zinazotengwa na serikali pamoja na mfuko wa pamoja wa afya unaochangiwa na wafadhili. Halafu kuna fedha ambazo zahanati inazikusanya yenyewe: wanaolipa papo kwa papo, wenye kadi za CHF (mfuko wa afya ya jamii), wenye bima ya NHIF (mfuko wa taifa wa bima ya afya). Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo badala ya kukaa wilayani, jambo zuri sana kwenu kwa sababu maana yake akaunti ipo, ina taarifa, na kuna kamati inayotakiwa kuisimamia.

MSD ikikosa dawa fulani, kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yule msambazaji binafsi aliyeteuliwa kwa ajili ya mkoa. Mpango huu ulianzia Dodoma mwaka 2014 na kufikia mwaka 2018 ulikuwa umeenea nchi nzima. Lakini mshitiri hauzi kwa mkopo wa maneno. Anataka fedha, na fedha ambayo zahanati inaweza kuitumia haraka ni ile iliyokusanya yenyewe.

Sasa muweke mzee wenu kwenye hesabu hiyo. Anakuja kila mwezi kwa presha, maana presha haiponi mwezi huu ikaacha mwezi ujao. Anapewa dawa, halipi, na hakuna mfuko wowote unaofidia dawa aliyochukua. Akija mwenye CHF, kituo kitadai. Akija mwenye NHIF, kituo kitadai. Akija mzee mwenye kitambulisho cha msamaha, kituo kinaandika jina lake kwenye rejesta na habari imeishia hapo. Kwa hiyo zahanati inayowahudumia wazee vizuri ndiyo inayoishiwa dawa mapema, na ile inayowaambia “dawa hakuna” ndiyo inayobaki na akiba. Muuguzi mpole na muuguzi mkali wote wamekaa kwenye kiti hicho hicho.

Ndiyo maana nasema malalamiko yenu yamekuwa yakielekezwa chini mno. Ahadi ilitolewa na sera ya wazee, iliyo chini ya wizara moja. Dawa zinasimamiwa na wizara nyingine. Zahanati iko chini ya halmashauri, nayo iko chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia serikali za mitaa. Kila mmoja akiulizwa, anamnyooshea mwenzake kidole, na kwa sehemu yake anasema kweli. Kazi yenu ni kutafuta mahali pamoja ambapo mtu anaweza kuandika tarakimu kwenye bajeti ili msamaha uwe na mlipaji. Kwa kijiji, mahali hapo pa karibu kuliko pote ni halmashauri yenu ya wilaya.

Kabla ya kwenda huko, mjiandae kwa ushahidi. “Wazee wanateseka” ni kweli, lakini haimpi diwani la kusimamia kwenye kikao. Chukueni daftari moja la kaunta. Kila mnapomnunulia mzee dawa, andikeni tarehe, umri wake, dawa iliyoandikwa, alijibiwa nini dirishani, na bei mliyolipa. Risiti ibandikwe pembeni. Jina la mzee msiliandike kwenye nakala itakayotoka nje ya kikundi, na ugonjwa wake usisomwe hadharani. Mzee anaweza kukubali kusaidiwa dawa bila kukubali kijiji kizima kijue ana nini.

Miezi mitatu ya daftari hilo itawaonyesha mambo ambayo hata mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa zahanati, pengine hajayatazama pamoja. Huenda mkagundua kuwa dawa zinazokosekana ni nne tu, zile zile kila mara. Na hapa kuna mtego: orodha ya taifa ya dawa muhimu inapanga kila dawa kwa ngazi ya kituo. Zipo zinazoruhusiwa kuanzia zahanati, zipo za kituo cha afya, zipo za hospitali ya wilaya kwenda juu. Kama dawa ya mzee ni ya ngazi ya juu, zahanati haikosei kutokuwa nayo, na mkiipigia kelele mtajibiwa kwa sentensi moja na kikao kitaendelea. Hiyo ni hoja nyingine, ya rufaa na nauli, nayo ina mahali pake. Mwombeni mganga mfawidhi awasaidie kutenganisha mafungu hayo mawili. Nimegundua watumishi wengi wa zahanati hufurahi wakipata watu wanaouliza swali hilo, kwa sababu wao ndio wanaotukanwa dirishani kwa kosa lisilo lao. Mkimpata upande wenu, msimtaje popote kama chanzo cha taarifa. Anaweza kuadhibiwa, na ninyi mtabaki bila mtu.

Upande wa pili wa ushahidi ni fedha za kituo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Andikeni barua fupi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, mkiomba vitu vitatu: zahanati ilipokea na kukusanya kiasi gani mwaka wa fedha uliopita, ilitumia kiasi gani kwa dawa, na ilihudumia wagonjwa wangapi wa msamaha wa wazee. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Bila nakala yenye muhuri, barua yenu haikuwahi kuwepo.

Lakini wakati mwingine barua si ya lazima. Kamati ya usimamizi wa zahanati ina wajumbe kutoka kwa wananchi, na kamati hiyo ndiyo inayopitisha mpango na matumizi ya kituo. Je, unamjua mjumbe wenu? Wengi hawamjui. Alichaguliwa lini, muda wake unaisha lini, mara ya mwisho kuleta taarifa kijijini ilikuwa lini? Kama nafasi iko wazi au inakaribia kuwa wazi, mmoja wenu aombe. Katika ngazi yote hii ya kwenda wilayani, sijui kiti chenye nguvu nyingi kwa gharama ndogo kama hicho.

Kisha kuna mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria unatakiwa uitishwe walau kila miezi mitatu, na wananchi wanatakiwa kusomewa mapato na matumizi. Najua vijijini kwingine unaitishwa akija mkuu wa wilaya tu. Hata hivyo usiudharau. India, katika jimbo la Rajasthan, wakulima na vibarua waliokuwa chini ya umoja uitwao Mazdoor Kisan Shakti Sangathan walianza mwaka 1994 kusoma kumbukumbu za matumizi ya serikali hadharani, mbele ya wale waliodaiwa kulipwa. Majina ya marehemu yakakutwa kwenye orodha za malipo ya vibarua. Shinikizo lililokua kutoka mikutano hiyo ya vumbini likachangia kuzaliwa kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya India mwaka 2005. Walichokuwa nacho ni karatasi, mtu wa kuisoma kwa sauti, na watu wa kusema ndivyo au sivyo.

Kwenu, kinachotafutwa mkutanoni ni azimio. Simameni, someni muhtasari wa daftari lenu bila jina la mtu: wazee wangapi, dawa zipi, jumla ya shilingi mlizotoa. Halafu ombeni mkutano uazimie kwamba kijiji kinaiomba halmashauri itenge fedha za kugharamia matibabu ya wazee wasio na uwezo. Mtendaji aliandike kwenye muhtasari, na muondoke na nakala. Azimio hilo litakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti. Likiungwa mkono na vijiji viwili vitatu vya kata hiyo hiyo, diwani hana tena ombi la akina mama wa Vicoba, ana ombi la kata yake.

Muda ni kila kitu hapa. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti ya halmashauri inapikwa miezi mingi kabla: mapendekezo ya vijiji na kata yanatakiwa yawe yamekusanywa kabla ya mwaka kuisha, na baraza la madiwani hupitisha makisio mwanzoni mwa mwaka, ili Bunge liyajadili kuanzia Aprili. Mkienda na hoja yenu mwezi Mei mtasikilizwa kwa adabu na hakuna kitakachotokea. Daftari lianze sasa, azimio la kijiji lipatikane kabla ya Oktoba au Novemba, na Desemba muwe mmeshakaa na diwani na mmoja wa wajumbe wa kamati ya baraza inayoshughulikia elimu, afya na maji. Vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi. Hamruhusiwi kuzungumza, lakini mnaruhusiwa kukaa na kusikiliza, na diwani anayejua wapiga kura wake wako nyuma ya ukumbi huuliza swali tofauti na asiyewaona.

Muombe nini hasa? Si “wazee wajaliwe”. Ombeni kasma, yaani fungu lenye tarakimu yake kwenye bajeti. Njia iliyokwisha kutumika katika baadhi ya halmashauri ni kuwalipia wazee kadi za CHF kutoka mapato ya ndani. Kwa kiwango tulichokizoea cha CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita kwa mwaka, kaya 400 za wazee zinahitaji shilingi milioni 12. Nimeichukua 400 kama mfano. Ninyi mtaweka idadi yenu halisi. Tarakimu ya namna hiyo diwani anaweza kuilinganisha mwenyewe na posho za vikao au mafuta ya magari, na mara nyingi ulinganisho huo unafanya kazi kuliko hotuba. Kadi haileti dawa rafuni peke yake, nakubali. Inachofanya ni kumgeuza mzee kutoka mgonjwa anayemaliza dawa kuwa mgonjwa anayeleta fedha ya kununulia dawa nyingine.

Kuna pia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo Bunge lilipitisha Novemba 2023. Inaweka utaratibu wa watu wasio na uwezo kugharamiwa na mfuko maalumu, wenye vyanzo vyake vya kodi na tozo. Hapo penye neno “wasio na uwezo” ndipo vita vitakapokuwa. Nani ataingia kwenye orodha? Kwa uzoefu, orodha za namna hii huanzia kwa serikali ya kijiji, zinapita kwa mtendaji, zinafika kwa afisa ustawi wa jamii. Bibi anayeishi peke yake ukingoni mwa kijiji, asiye na kitambulisho cha NIDA, asiyekuja mikutanoni, ndiye anayesahaulika. Ninyi mnamjua kwa sababu mnampelekea dawa. Chukueni orodha yenu kwa afisa ustawi wa jamii mapema, kabla hajaletewa nyingine.

Nikueleze kwa nini nang'ang'ania kasma na sheria badala ya ahadi. Tazama mikopo ya halmashauri ya asilimia 10. Miaka mingi tangu miaka ya 1990 halmashauri zilikuwa zikielekezwa kutenga sehemu ya mapato yao kwa ajili ya wanawake na vijana. Waliotaka walitenga, wasiotaka walisema makusanyo hayakutosha. Mwaka 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa ikaongezewa kifungu cha 37A kinachoilazimu halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake kwa mikopo isiyo na riba, na kanuni zikaigawa: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hapo ndipo mkurugenzi asiyetenga alipoanza kuulizwa kwa sheria, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu akawa na sheria ya kushika anapoandika nani katoa na nani hakutoa. Mambo hayakunyooka yote, wala sitaki kukupamba: ukaguzi ulionyesha mikopo mingi isiyorejeshwa, na mwaka 2023 serikali ikausimamisha utaratibu ili uandaliwe upya. Lakini angalia kilichotokea uliposimama. Kelele zilikuwa nchi nzima, Bungeni na mitaani. Hakuna anayepiga kelele namna hiyo pale maelekezo ya barua yanapopuuzwa, kwa kuwa hakuna anayejua yamepuuzwa.

Zanzibar nao wana la kuonyesha. Mwaka 2016 walianza kulipa pensheni jamii kwa kila mzee aliyefikisha miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule, kutoka bajeti ya serikali yao wenyewe. Hawakuuliza nani ana uwezo na nani hana, umri tu. Kenya ikaja na utaratibu wa namna hiyo kwa wazee wa miaka 70 mwaka 2018. Sisi wa Bara mjadala huo haujatufikisha huko, na mimi binafsi naamini kupima uwezo wa kila mzee kunakula muda na heshima kuliko fedha kunayookoa. Hilo ni la kupigania kitaifa, pamoja na mabaraza ya wazee na mashirika yanayolifanyia kazi. Msilibebe ninyi kwa sasa.

Swali lako la kuacha kuchangia. Wapo watakaokwambia kwamba mnapoziba pengo mnaisaidia serikali kukwepa wajibu. Kwenye makaratasi hoja hiyo ina mantiki. Lakini mzee wa presha akikosa dawa miezi miwili wakati sisi tunasubiri baraza, gharama anaibeba yeye. Endeleeni kuchangia, ila mbadilishe namna ya kutoa. Mpaka leo mmekuwa mkitoa kimya kimya, kama sadaka. Kuanzia sasa kila shilingi iwe na risiti, na kila robo mwaka mpeleke barua kwa mtendaji wa kata, nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya: “Katika kipindi hiki kikundi chetu kimetoa shilingi kadhaa kulipia dawa ambazo wahusika walistahili kupata bila malipo.” Bila tusi, bila lawama. Barua nne za namna hiyo kwa mwaka zina uzito kwenye faili, na mkaguzi akipita anaweza kuzikuta.

Jihadharini na mambo mawili njiani. La kwanza ni uchaguzi. Hoja ya dawa za wazee ni tamu kwa kila mgombea, na atakuja mtu kuwapa kanga na spika ili muisemee kwake. Mpokeeni kila mgombea sawasawa, mpeni kila mmoja karatasi ile ile ya ukurasa mmoja, na mumuulize mbele ya watu atafanya nini. Kanga arudi nazo. La pili ni picha. Mtu atataka kumpiga picha bibi amelala kwenye mkeka ili “isambae”. Ikisambaa, zitakuja fedha za wiki moja kwa bibi mmoja, na halmashauri itapata nafasi ya kusema tatizo limeshughulikiwa.

Kuhusu kusajili asasi, hapana, si kwa hatua hii. Kikundi chenu tayari kinatambulika halmashauri kama kikundi, na kwa jambo mnaloliomba hamuhitaji zaidi ya kuwa wanakijiji. Asasi ina katiba, ada, taarifa za kila mwaka na ukaguzi; mtajikuta mnatumia jioni zenu kujaza fomu badala ya kukaa na diwani. Baya zaidi, mkishakuwa asasi mtaulizwa mfadhili wenu ni nani, na hoja itahama kutoka kwenye dawa kwenda kwenu. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wenye saini ya mwenyekiti na mtendaji una nguvu ambayo barua yenye nembo ya asasi haina. Siku mtakapotaka kufanya kazi hii kata tano au wilaya nzima, tutazungumza tena habari za usajili. Kwa sasa nunueni daftari, na mmuulize mganga mfawidhi jina la mjumbe wenu kwenye kamati ya zahanati.